Jicho la Furu na Hoja ya Fundi

Hoja yenyewe ni fupi na inavutia. Tazama jicho, huambiwa wasikilizaji wa mahubiri, mawaidha na vipindi vya dini redioni: lina lenzi, lina mboni inayopanuka gizani na kusinyaa juani, lina utando wa nyuma wenye seli zaidi ya milioni 100 za kunasa mwanga. Kitu cha namna hiyo hakiwezi kujitengeneza. Kila chombo kina fundi wake, kwa hiyo jicho nalo lina Fundi, na Fundi huyo ni Mungu. Jarida la Amkeni! kwa miaka mingi lilikuwa na safu iliyomchukua kiumbe mmoja, ikaeleza ustadi wa maumbile yake, kisha ikamwuliza msomaji kama hayo yangeweza kutokea yenyewe. Kwa upande wa Waislamu, Mturuki Adnan Oktar, ajulikanaye kama Harun Yahya, alisambaza katika nchi nyingi kitabu kikubwa cha picha chenye dai lilelile.

Afrika Mashariki hoja hii imezoeleka kiasi kwamba wengi hawajawahi kusikia ikijibiwa. Mada ya mageuko ya viumbe imefundishwa kidato cha nne kwa miaka mingi, Kenya na Tanzania, lakini mara nyingi mwalimu huiandika ubaoni kwa ajili ya mtihani na kuwatahadharisha wanafunzi wasiiamini. Mwaka 2006 viongozi wa makanisa ya kiinjili jijini Nairobi waliendesha kampeni ya kutaka Makumbusho ya Taifa yasiyape nafasi ya mbele mabaki ya binadamu wa kale, yakiwemo ya kijana wa Nariokotome. Mifupa ya kijana huyo ina umri wa takriban miaka milioni 1.5, na aliyeiona wa kwanza ni Mkenya, Kamoya Kimeu, mwaka 1984, magharibi mwa Ziwa Turkana. Inasikitisha kwamba ukanda uliotoa ushahidi mwingi kiasi hiki juu ya historia ya uhai ndio ambao watu wake huonywa wasiutazame.

Hoja ya fundi haisimami. Kama Mungu yupo au hayupo ni swali pana, na wala halingojei jicho litoe ushahidi. Linalopingwa hapa ni dai mahususi: kwamba uchangamano wa viumbe unatosha kuthibitisha kuwa kuna aliyeusanifu. Dai hilo limepimwa kwa zaidi ya miaka 150, na kila lilipopimwa vizuri limeanguka.

Sura yake maarufu ilitolewa mwaka 1802 na kasisi Mwingereza William Paley. Mtu akiokota saa nyikani, alisema Paley, hatasema imekuwapo hapo tangu milele. Atajua kuna aliyeitengeneza. Viumbe vina mpangilio mkubwa kuliko saa, basi navyo vina mtengenezaji. Charles Darwin alimsoma Paley alipokuwa mwanafunzi Cambridge, na hakumdharau hata kidogo. Alikubaliana naye kwamba ulingano wa viumbe na mazingira yao ni jambo kubwa linalodai maelezo. Walichotofautiana ni maelezo yenyewe.

Saa haizai saa. Hapo ndipo mfano wa Paley unapokatika. Viumbe huzaa, watoto hawafanani kabisa na wazazi, tofauti nyingi hurithiwa, na baadhi yake humwongezea mwenye nazo nafasi ya kuishi na kuzaa. Vizazi vikienda, tofauti zenye faida huenea na zenye madhara hupungua. Darwin aliieleza njia hiyo mwaka 1859, na ndiyo inayofichwa kila hoja ya fundi inapowapa wasikilizaji machaguo mawili tu, ama bahati nasibu ama Muumba. Mwanafalaki Fred Hoyle alilinganisha kuzuka kwa uhai na kimbunga kinachopita kwenye uwanja wa vyuma chakavu na kuacha ndege aina ya Boeing 747 ikiwa tayari kuruka. Wahubiri wanaupenda mfano huo hadi leo. Ni kweli kimbunga hakiundi ndege, lakini hakuna mwanabiolojia anayesema jicho liliundwa kwa pigo moja la bahati. Bahati huleta tofauti. Uteuzi wa asili huzichuja, na kuchuja si kubahatisha.

Mchujo huo umefuatiliwa maabara, kizazi kwa kizazi. Februari 1988 Richard Lenski, mwanabiolojia wa Marekani, alianzisha makundi 12 ya bakteria wa aina moja, akawa anawalisha sukari kidogo ya glukosi kila siku. Ndani ya chupa mlikuwa pia na sitrati, ambayo bakteria hao kwa kawaida hawawezi kuila penye oksijeni. Baada ya zaidi ya vizazi 31,000, kundi moja lilianza kuila. Kwa kuwa sampuli za vizazi vya nyuma zilikuwa zimegandishwa, watafiti walizirudisha hai na kulirudia jaribio kutoka hatua mbalimbali. Wakagundua kwamba uwezo huo haukuja kwa badiliko moja. Ulihitaji mabadiliko ya awali yaliyotokea maelfu ya vizazi kabla, wakati ambapo hayakuwa na uhusiano wowote na kula sitrati. Uwezo mpya, wa hatua kadhaa, ulijengeka bila yeyote kuupanga, na kumbukumbu za kila hatua zimo kwenye jokofu.

Na jicho je? Darwin mwenyewe alikiri kwamba kulifikiria jicho likitokana na uteuzi wa asili huonekana, kwa mtazamo wa kwanza, kama upuuzi. Wapinzani wake hunukuu hapo na kuacha. Sehemu inayofuata ndiyo yenye uzito: alionyesha kwamba swali linajibika iwapo zipo hatua za kati, kila moja ikiwa na faida kwa mwenye nayo. Hatua hizo zipo, na nyingi zinaishi leo. Kuna viumbe wa seli moja wenye doa tu la kuhisi mwanga. Minyoo bapa wana vikombe vidogo vya seli hizo, vinavyowawezesha kujua mwanga unatoka upande gani. Nautilasi wa baharini ana jicho lenye tundu na halina lenzi kabisa, naye anaishi nalo vizuri. Mwaka 1994 Dan-Eric Nilsson na Susanne Pelger wa Sweden walipiga hesabu ya kutoka utando bapa wa kuhisi mwanga hadi jicho lenye lenzi kama la samaki, wakikadiria kila hatua kuwa ndogo na ya polepole makusudi. Walipata vizazi visivyofika 400,000. Kwa wanyama wadogo wanaozaa kila mwaka, hiyo ni chini ya miaka nusu milioni, na uhai wa wanyama una zaidi ya miaka milioni 500.

Hesabu pekee haimtoshelezi kila mtu. Basi mwenye shaka aende Mwanza.

Ziwa Victoria limekuwa na aina zaidi ya 500 za furu, wale samaki wadogo ambao wavuvi wa ziwani wanawajua vizuri. Kuna furu wanaokwangua mwani kwenye miamba, wanaovunja konokono kwa meno ya kooni, wanaokula wadudu, wanaokula samaki wenzao, hata wanaonyonya mayai na vifaranga kutoka vinywani mwa majike wengine. Karibu wote hawapatikani popote pengine duniani. Mashapo yaliyochimbuliwa chini ya ziwa yanaonyesha kwamba takriban miaka 15,000 iliyopita lilikuwa limekauka. Ziwa la leo lilijaa baada ya hapo, na ndani ya muda huo, ambao kwa jiolojia ni mfupi mno, wingi huo wa maumbo ukachipuka. Uchunguzi wa DNA umeongeza jambo la kusisimua: mababu wa furu hao walitokana na mchanganyiko wa koo mbili za mtoni zilizokutana zamani zaidi, na akiba ya tofauti zilizotokana na kukutana huko ndiyo iliyopangwa upya, mara nyingi na kwa namna nyingi, ziwa lilipojaa.

Wawili kati ya furu hao wanalijibu swali la jicho moja kwa moja. Mmoja ni Pundamilia pundamilia, ambaye madume yake yana rangi ya buluu. Wa pili ni Pundamilia nyererei, ambaye madume yake ni mekundu. Alielezwa kisayansi mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu Nyerere alipong'atuka, na akapewa jina lake. Kwenye kisiwa cha Makobe, ndani ya Ghuba ya Speke, wa buluu anakaa karibu na uso wa maji na mwekundu anakaa chini zaidi. Maji ya ziwa yanavyoongezeka kina, mwanga wa buluu hupotea na unaobaki huelekea wekundu. Ole Seehausen na wenzake walichunguza jeni moja ya furu hao, inayotengeneza protini ya kunasa mwanga ndani ya jicho, na mwaka 2008 wakachapisha walichokiona: furu wa chini wana toleo la jeni linalohisi vizuri zaidi mwanga mwekundu, na wa juu wana toleo linalolingana na mwanga wa huko juu. Majike wanaoona vizuri wekundu huchagua madume mekundu. Jicho limebadilika kufuata mwanga, uchaguzi wa mwenza umefuata jicho, na koo mbili zimetengana zikiwa zinaogelea mita chache baina yao.

Penye maji machafu mambo ni tofauti. Tope na mwani vikizidi, rangi hazionekani, majike hawatofautishi madume, na koo hizo mbili huchanganyika tena. Kinachozitenganisha kinapimika kwa kifaa cha kupimia mwanga. Uchafu kutoka mashambani na mijini ukizidi, mpaka kati ya spishi unafutika. Furu walipata pigo lingine kutoka kwa sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na kuongezeka sana katika miaka ya 1980. Huenda aina 200 zimetoweka. Huu ni msiba kwa kila anayelipenda ziwa lile, awe anaamini nini kuhusu asili yake.

Wapo watakaosema: bado ni samaki. Ndiyo, na hakuna aliyetarajia wageuke ndege katika miaka 15,000. Lakini dai la awali lilikuwa kwamba jicho haliwezi kuboreshwa na kulinganishwa na mazingira isipokuwa kwa mkono wa fundi. Kule Makobe jambo hilo linafanyika bila mkono huo, na njia yake inajulikana hadi herufi za jeni. Anayetaka kusema kwamba njia hiyo inafika hapa na haipiti pale ana wajibu wa kuonyesha ukuta ulipo.

Mtu aliyejaribu kwa bidii kuuonyesha ukuta huo ni Michael Behe, mwanabiokemia wa Marekani. Katika kitabu chake cha mwaka 1996 alidai kuna mitambo ya seli ambayo ukiondoa kipande kimoja tu haifanyi kazi, hivyo haikuweza kujengwa hatua kwa hatua. Mfano wake mashuhuri ni mkia unaozunguka wa bakteria. Mwaka 2005 dai hilo lilifikishwa mahakamani Pennsylvania, baada ya bodi ya shule ya Dover kutaka wanafunzi waelekezwe kwenye fundisho la usanifu wa viumbe. Sehemu ya mkia ule, ilielezwa, inafanana kwa karibu na sindano ambayo bakteria wengine, wakiwemo wa tauni iliyowasumbua watu wa Lushoto kwa miaka mingi, huitumia kuingiza sumu kwenye seli. Yaani vipande vichache vya mtambo vinafanya kazi nyingine, na hapo dai la kwamba bila vyote hakuna faida linakwisha. Behe mwenyewe, alipohojiwa, alikubali kwamba kwa maana yake ya nadharia ya kisayansi hata unajimu ungehesabiwa. Jaji John Jones, mtu wa dini aliyeteuliwa na Rais George W. Bush, alihukumu tarehe 20 Desemba kwamba fundisho hilo si sayansi. Shahidi mkuu upande wa walalamikaji, Kenneth Miller, ni Mkatoliki anayeshika imani yake.

Hoja nyingine inayosikika sana siku hizi ni ya DNA: ni maandishi, na maandishi yana mwandishi. Maandishi ya DNA, hata hivyo, yana tabia ya kujinakili, na nakala hukosewa. Binadamu huona rangi nyekundu na kijani kwa sababu ya jeni mbili zilizopangana kwenye kromosomu ya X, zinazofanana karibu herufi kwa herufi. Ni jeni moja iliyorudufiwa, kisha nakala mbili zikatofautiana kidogo. Nyani wengi wa Amerika ya Kusini hawana nakala hiyo ya pili. Nyani wa Afrika na Asia wanayo. Taarifa mpya iliingia hapo kwa kurudufu na kubadilika, na alama za kurudufu bado zinasomeka.

Halafu kuna makosa. Mbuzi hutengeneza vitamini C mwilini mwake. Binadamu hawezi, ndiyo maana mabaharia wa zamani walikufa kwa kiseyeye. Lakini jeni ya kuitengeneza ipo ndani ya kila binadamu, ikiwa imeharibika na vipande vyake vingine havipo. Sokwe, gorila na nyani wengine wana jeni hiyohiyo, imeharibika kwa namna ileile. Simbilisi wa Amerika, ambaye naye hawezi kutengeneza vitamini hiyo, jeni yake imeharibika kwa namna yake. Baraza la Mitihani linapokuta watahiniwa wawili wamekosea maswali yaleyale kwa maneno yaleyale, halisemi kwamba kila mmoja aliandika peke yake. Linajua kuna chanzo kimoja. Makosa yanayofanana ni ushahidi mzito kuliko majibu sahihi yanayofanana, kwa sababu jibu sahihi wawili wanaweza kulifikia kila mmoja kwa njia yake. Fundi anayetengeneza kila aina upya hana sababu ya kuweka jeni mbovu ileile ndani ya sokwe na mtu. Ukoo unayo sababu.

Twiga anabeba alama ya aina hiyohiyo. Mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo kwenda kwenye koromeo lake hauendi moja kwa moja. Unashuka shingo yote, unazunguka mshipa mkubwa wa damu karibu na moyo, kisha unapanda tena hadi kooni, mwendo wa zaidi ya mita nne kwa safari ambayo ingemalizika kwa sentimita chache. Kwa samaki njia hiyo ni fupi na imenyooka, kwa sababu mshipa huo unahudumia matamvua yaliyo jirani na moyo. Shingo iliporefuka, mshipa ukavutwa, kwa kuwa hakuna hatua iliyopatikana ya kuukata na kuuunga upya. Hata jicho lenyewe, lile linalosifiwa mimbarini, lina utando ulioelekea nyuma: nyaya zake zinapita mbele ya seli za kunasa mwanga na kulazimika kutoboa utando ili zitoke, zikiacha doa lisiloona. Pweza hana doa hilo. Nyaya zake ziko nyuma. Mwili wa kila kiumbe unasimulia umetokea wapi, ukiwa na viraka vya safari nzima.

Yapo maswali yasiyojibiwa, na hapo watetezi wa hoja ya fundi hukimbilia. Seli ya kwanza ilitokeaje? Sayansi haina jibu kamili. Vipande vinajulikana, njia nzima bado. Lakini kutoka "hatujui" hadi "basi ni Mungu" hakuna daraja, na historia ya Afrika Mashariki inaonyesha gharama ya kujenga hapo. Kwenye maeneo ya pwani kama Bagamoyo, watafiti wa afya wamekuta degedege la watoto likihusishwa na pepo au shetani, likitenganishwa kabisa na malaria. Wazazi waliompenda mtoto wao kwa dhati walimpeleka kwanza kwa mganga wa jadi, na saa zilizopotea hapo zilikuwa saa za kumwokoa. Ufa wa maarifa ulijazwa na nguvu isiyoonekana, na kwa kuwa ulionekana umejaa, hakuna aliyeuchunguza zaidi. Hoja ya fundi inafanya vivyo hivyo kwa lugha ya heshima zaidi: inalifunga swali palepale linapoanza kufunguka.

Waumini wengi wenye elimu waliliona hilo mapema. John Henry Newman, aliyekuja kuwa Kardinali, aliandika katika barua ya mwaka 1870 kwamba anaamini usanifu kwa sababu anamwamini Mungu, wala hamwamini Mungu kwa sababu anaona usanifu. Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Harvard na Mpresbiteri thabiti, alimtetea Darwin nchini Marekani. Theodosius Dobzhansky, mmoja wa waasisi wa elimu ya kisasa ya mageuko, alikuwa Mkristo wa Orthodoksi. Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1996 alisema mageuko ni zaidi ya dhana tu. Rana Dajani, mwanabiolojia Mwislamu wa Jordan, hufundisha mageuko chuo kikuu akiwa amevaa hijabu yake na bila kuficha dini yake. Watu hawa hawakuiacha imani ili waipokee biolojia. Walikataa tu kuitundika imani yao kwenye msumari ambao kila ugunduzi mpya unaweza kuung'oa.

Msumari huo una ubaya mwingine, na muumini ndiye anayepaswa kuuogopa zaidi. Kama uchangamano ni alama ya mkono wa Mungu, basi alama hiyo iko wazi kuliko kawaida kwenye kimelea cha malaria. Kinaingia mwilini kwa mate ya mbu, kinajificha kwenye ini, kinatoka kikiwa maelfu, kinavamia chembe nyekundu za damu kwa kutumia mpangilio wa protini unaoshangaza, kinabadilisha sura mara kwa mara ili kinga ya mwili isikitambue, kisha kinaandaa umbo maalumu la kurudi ndani ya mbu. Behe alilitambua hili, na katika kitabu chake cha mwaka 2007 akakubali waziwazi kwamba, kwa hoja yake, malaria ilisanifiwa kwa makusudi. Alikuwa mkweli kwa mantiki yake. Ni mantiki ambayo mzazi aliyemzika mtoto kwa malaria anastahili kuepushwa nayo. Ugonjwa huo unaua karibu watu 600,000 kwa mwaka, wengi mno wakiwa watoto wa Afrika wasiofika miaka mitano.

Ulinzi wa mwili dhidi ya kimelea hicho nao hausomeki kama kazi ya msanifu. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia kwenye Bonde la Ufa nchini Kenya, alipima damu za watu wa maeneo mbalimbali ya nchi hiyo. Alikuta jeni ya selimundu kwa zaidi ya asilimia 20 ya watu katika baadhi ya jamii za pwani na za Ziwa Victoria, na kwa chini ya asilimia moja nyanda za juu. Ramani hiyo ililingana na ramani ya malaria, na mwaka 1954 alichapisha maelezo yake. Badiliko ni la herufi moja tu ya DNA. Mwenye nakala moja analindwa. Tafiti za Kilifi zimeonyesha ulinzi wa kiasi cha asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Mwenye nakala mbili anapata ugonjwa wa selimundu, pamoja na maumivu ya mifupa, upungufu wa damu na kifo cha mapema asipotibiwa. Nchini Tanzania watoto zaidi ya 10,000 huzaliwa nao kila mwaka. Uteuzi wa asili hauoni mbele wala hauna huruma, hivyo unaweza kuueneza ulinzi unaolipiwa na watoto wa wengine. Kumwambia mama mwenye mtoto wa selimundu kwamba huo ni mpango uliosanifiwa ni kumwongezea mzigo usio wa lazima, wakati maelezo ya kweli yapo na hayamlaumu mtu.

Mageuko ya kimelea hayajasimama. Klorokwini ilitibu malaria kwa miongo kadhaa. Usugu uliozuka Asia ukafika Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970, ukaenea, na Tanzania Bara ikaiacha dawa hiyo mwaka 2001. Malawi ilikuwa imeiacha mwaka 1993, na huko vimelea visivyo na usugu vikarudi kutawala, kwa sababu badiliko lililokuwa faida mbele ya dawa liligeuka mzigo dawa ilipoondoka. Sasa zamu ni ya artemisinini, dawa inayotumika leo ndani ya dawa mseto ya malaria. Mwaka 2020 watafiti wa Rwanda waliripoti badiliko la jeni linalokipa kimelea usugu wa kiasi, na uchunguzi ukaonyesha lilizuka humu humu Afrika, halikuletwa kutoka Asia. Uganda ikaripoti mabadiliko ya kwake kutoka kaskazini mwa nchi mwaka 2021. Upande wa Tanzania, badiliko lile la Rwanda limekutwa mkoani Kagera, Karagwe hasa.

Mwanafunzi wa Karagwe anayeambiwa leo akariri mageuko kwa ajili ya mtihani kisha asiyaamini, kesho atakuwa tabibu wa zahanati mwenye kazi ya kumweleza mgonjwa kwa nini dawa mseto ya malaria ina dawa mbili badala ya moja, na kwa nini lazima amalize vidonge vyote hata homa ikishuka. Jibu lote ni mageuko: kimelea chenye badiliko la kuikwepa artemisinini kinatakiwa kikutane na dawa ya pili kabla hakijapata nafasi ya kuzaliana.